Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: Bakteria mliotuletea walifia stoo, ukame ulikuta wameshakufa

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri yetu ya Wilaya,
Mkoa wa Lindi.

YAH: MAHARAGE YALIYOKAUKA, PAKITI ZA BAKTERIA ZILIZOHARIBIKIA STOO, NA MAKATO YANAYOTUSUBIRI KWENYE CHAMA CHA USHIRIKA (AMCOS)

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, salamu kwanza. Kama umenizidi umri shikamoo, na kama nimekuzidi basi kiti chako nakiheshimu vilevile. Naandika hadharani sio kwa kutafuta kiki wala hakuna mtu wa chama chochote aliyenituma, naandika kwa sababu njia ya kimya kimya tumeshaimaliza. Tulianza kwa bwana shamba wa kata, akasema hilo liko juu ya uwezo wake, tukaenda idara ya kilimo wilayani, wakasema tuandike, tukaandika, barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa na nakala yetu tunayo, baada ya hapo ikawa njoo kesho, mhusika yuko semina, mhusika kahamishwa, faili liko kwa mwingine. Mpaka juzi kwenye mkutano wa AMCOS tunasikia majina yetu yameshapelekwa ili tukatwe hela za mbegu msimu wa mbaazi ukifunguliwa. Hapo ndo wanakikundi wakasema basi, iandikwe sehemu ambayo kila mtu ataisoma.

Kwa ambao hawakijui kisa chenyewe ni hivi. Uliletwa mradi wa maharage. Tukapewa mbegu, na pamoja na mbegu vipakiti vyenye unga mweusi, bakteria wa kuchanganya na mbegu kabla ya kupanda, tukaambiwa hiyo ndo mbolea ya kisasa, itatuokolea hela ya yurea alafu itausaidia mmea kuvumilia jua. Kila mwanakikundi akasaini kwamba atalipa baada ya mavuno. Mavuno hayakuwepo. Kuna waliopata ya kuweka sufuriani mara moja moja na kuna ambao hata hiyo hawakuiona. Jibu la ofisi, tena la mdomo, ni kwamba ulikuwa ukame, ukame ni mipango ya Mungu, ila deni ni la wakulima. Yani hasara kaleta Mungu, bili tumeletewa sisi.

Ukame ulikuwepo, hakuna anayebisha. Tunachosema sisi ni kwamba zile pakiti zilikuwa zimeshakufa kabla jua halijakaza, na ofisi inalitumia jua kama shuka la kufunikia uzembe wa stoo.

Niruhusu nieleze kidogo hawa bakteria ni kitu gani, mana nahisi hata mezani kwako walifika wakiitwa "dawa ya mbegu" ikaishia hapo. Hewa tunayovuta karibu asilimia 78 ni naitrojeni, na mmea unaihitaji sana, ila hauwezi kuichukua ikiwa hewa hivyo. Sasa kuna bakteria wa udongoni wanaitwa raizobia, wanaingia kwenye mizizi ya mazao ya jamii ya mikunde, mmea unawajengea vinundu, wao wanakaa humo kazi yao kuibadilisha naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea, na mmea unawalipa kwa sukari inayotengenezwa na majani. Sio habari mpya hii. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, waliionyesha kati ya mwaka 1886 na 1888, na mwaka huohuo 1888 Mholanzi Beijerinck akawatoa bakteria wenyewe kwenye vinundu akawaotesha maabara. Hata hapa nchini Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro waliwahi kutengeneza pakiti za kwao kwa ajili ya soya, zikaitwa Nitrosua. Kwahiyo hatusemi teknolojia ni ya uongo, hapana, teknolojia ni nzuri, na ndo mana tunauma meno kwa jinsi ilivyoletwa.

Na kuikagua ni rahisi sana, hakuhitaji maabara. Unachimba mche na jembe (usiung'oe kwa mkono, vinundu vinabaki chini), unausuuza taratibu kwenye beseni, unachukua kinundu unakipasua na wembe. Ndani kikiwa chekundu au pinki kinafanya kazi, ile rangi inatokana na kitu ambacho ni ndugu wa kile kinachoifanya damu yetu iwe nyekundu. Kikiwa cheupe bado ni kichanga, kikiwa kijani au kahawia kimeshaisha. Tulifanya hivyo kwenye mashamba yetu maharage yakiwa yanakaribia kutoa maua na udongo bado una unyevu, yani kabla jua halijaanza kuchoma, tukafanya mbele ya bwana shamba mwenyewe. Mizizi ilikuwa mitupu. Mche baada ya mche, mizizi misafi kama haijawahi kukutana na bakteria yeyote, mmoja tu ulikuwa na vinundu viwili vitatu vidogo, tukapasua, ndani kijivu. Pembeni mstari wa kunde za mama mmoja ambazo hata hakuziwekea kitu, tukachimba, vinundu vimeshonana mpaka mzizi mkubwa, pinki. Bwana shamba alipiga picha na simu yake. Hizo picha ziko wapi Mheshimiwa? Mana kwenye ripoti tuliyosikia ikisomwa kwenye kikao cha kata hazikutajwa.

Sasa malalamiko yetu, moja moja.

1. Pakiti zililazwa kwenye joto.

Bakteria hawa ni viumbe hai. Kwenye pakiti imeandikwa waziwazi zihifadhiwe sehemu ya ubaridi mbali na jua. Pakiti nzuri inatakiwa iwe na bakteria kama bilioni moja hai kwenye kila gramu, na kwa maharage pakiti ya gramu 100 kwa kawaida ni ya mbegu kama kilo 10 mpaka 15, ukipiga hesabu kila punje inatakiwa iende ardhini imevaa jeshi zima. Lakini wakipikwa siku kadhaa kwenye joto linalokaribia nyuzi 40 hiyo bilioni inaporomoka, na zikikaa hivyo wiki na wiki unabaki na udongo mweusi wenye lebo nzuri.

Zetu zilikaa wapi? Kwenye godauni la bati lisilo na dari, na kila mtu wa Lindi anajua bati la mwezi wa kumi na mbili saa nane mchana lilivyo, unaingia dakika mbili unatoka shati limelowa. Tulipoenda kuchukua mzigo kijana wa stoo alizivuta kutoka nyuma ya mifuko ya salfa ya korosho, box limelika na unyevu upande mmoja na upande mwingine limekauka kabisa. Unga wa ndani unatakiwa uwe na unyevunyevu, ukiufinya unashikana. Tulipofungua ukapeperuka. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imebaki siku za kuhesabu, na tukauliza palepale, tukajibiwa "hiyo ni tarehe ya makaratasi tu, chukueni". Kijana wa watu simlaumu, hakuna aliyemfundisha.

2. Kuna vikundi vilipewa pakiti za soya.

Hili ukiliangalia haraka unaweza kuona dogo ila ni kubwa. Raizobia wana wenyeji wao. Wale wa soya hawajengi vinundu kwenye maharage hata uwape udongo wa peponi. Wa maharage ni wengine, na wa kunde, karanga na njugumawe ni kundi lingine tena. Kikundi cha kijiji jirani kimetunza pakiti tupu zimeandikwa soya, wamezifungia kwenye mfuko wa rambo, ziko tayari siku yoyote mtakapotaka kuziona.

Na kwa maharage huku kwetu pakiti halikuwa pambo la kuongezea. Kunde na njugumawe ni mazao ya Afrika hii, bakteria wao wamejaa kwenye udongo wetu toka enzi za mababu, ndo mana kunde za yule mama zilijitegemea. Maharage asili yake ni bara la Amerika, na shamba ambalo halijawahi kulimwa maharage linaweza kuwa halina kabisa bakteria wake wa kutosha. Ina maana sisi tuliolima maharage kwa mara ya kwanza tulikuwa tunazitegemea zile pakiti kwa asilimia zote.

3. Mzigo ulichelewa kutufikia, na kuchelewa kwenyewe kulitupeleka moja kwa moja kwenye kiangazi kidogo.

Huku kusini msimu ni mmoja, mvua zinaanza Novemba mwishoni au Desemba zinaenda mpaka Aprili au Mei. Na katikati, kwenye mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari, mvua hukata wiki moja au mbili, wakati mwingine zaidi. Hii wazee wanaijua, Mamlaka ya Hali ya Hewa inaijua, iko kwenye vitabu. Mbegu za mradi zilifika mikononi mwetu wakati majirani wameshapalilia mara ya kwanza. Tukapanda, maharage yakafika kwenye kutoa maua jua likiwa ndo limefungua, na safari hii halikuondoka haraka.

Hapa naomba nikae kidogo mana ndo penye ule uongo wa "ni ukame tu". Kwenye mmea wa mikunde kitu cha kwanza kuumia ukame ukija sio majani, ni vinundu. Ile kazi ya kuvuna naitrojeni inashuka kabla hata hujaona jani limelegea, mmea unafunga vitundu vya kwenye majani ili usipoteze maji, sukari ya kupeleka chini inapungua, hewa ndani ya kinundu inabanwa, bakteria wanasimama kazi. Udongo ukikauka zaidi na ukapata joto, wale walioko nje ya mizizi nao wanakufa, na wasiokufa hawawezi kusogea kuufuata mzizi mana wanahitaji maji ya kusafiria. Maharage ni mmoja wa mikunde dhaifu kwenye hili, kunde na karanga zinavumilia zaidi. Mmea ulioingia kwenye jua ukiwa na vinundu vyake una akiba, majani yanakuwa na naitrojeni, mizizi imekwenda chini, mvua ikirudi unaweza kuinuka. Mmea ulioingia ukiwa na njaa tayari, majani manjano, mizizi mifupi, huo unadondosha maua yote na hata mvua ikirudi unabaki kuitazama. Yetu yalikuwa manjano kabla ya jua, na kama ni ukame ulioleta umanjano basi ukame huo ulikuja wakati mvua inanyesha.

Ushahidi mwingine tunao shambani palepale. Wapo wenzetu waliokuwa na yurea kidogo ya mahindi wakainyunyiza kwenye maharage, yakawa kijani ndani ya siku chache. Mvua ileile, udongo uleule, mbegu ileile. Kilichokosekana ilikuwa naitrojeni, na naitrojeni ndo kazi ambayo pakiti zililetwa kuifanya.

Na kuhusu ile ahadi ya kwamba bakteria watausaidia mmea kuvumilia jua, nayo isemwe ukweli wake. Ni kweli wapo bakteria wanaofanya hivyo. Wanakaa jirani na mzizi, wengine ni wa jamii ya Basilasi na Sudomonasi. Wapo wanaotoa ute unaoshikilia chembe za udongo na unyevu kuzunguka mzizi. Wapo wenye kimeng'enya kinachokula malighafi ya etilini, ile gesi ambayo ndo inaivisha ndizi, sasa mmea ukipata shida ya maji unaitengeneza kwa wingi na ikizidi mizizi inadumaa na maua yanapukutika, hao bakteria wakiwepo inapungua na mzizi unaendelea kushuka kutafuta maji. Mkanada Bernard Glick na wenzake waliichora namna hiyo inavyofanya kazi mwaka 1998 na toka hapo wengi wameifuatilia, wakiwemo wanaochanganya hao na raizobia kwa pamoja kwenye maharage. Lakini kwenye lebo zetu hao hawakuwepo, imeandikwa raizobia basi. Sasa aliyesimama kwenye mkutano wa hadhara akatuahidi kinga ya ukame aliitoa wapi? Na hata wangekuwepo, hakuna bakteria anayetengeneza maji.

4. Hakuna aliyepima udongo.

Tunaishi kwenye nchi ya korosho. Toka zamani tunapulizia salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga, na salfa haiishii juu ya jani, inashuka chini mwaka baada ya mwaka, na salfa udongoni inatengeneza asidi. Watafiti wameshaandika habari hii kwa mashamba ya korosho ya huku kusini toka miaka ya 1990, kwamba udongo wetu wa kichanga unachachuka. Na sisi mazao ya chini tunayapanda wapi? Katikati ya mikorosho hiyohiyo. Raizobia wengi hawapendi udongo uliochachuka sana, na fosforasi nayo kwenye udongo huo inashikiliwa mmea hauipati, na bila fosforasi kinundu hakijengeki vizuri. Ilitakiwa kabla ya kutuletea mbegu mtu achukue sampuli za udongo azipeleke kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, pale Mtwara, sio mbali. Chokaa ya kupunguza asidi ina mali yake hapa hapa pwani, mawe ya matumbawe yamejaa, na wazee wa Kilwa waliijengea misikiti na majumba ambayo mpaka leo watalii wanapanda boti kwenda kuyaona. Mbolea ya fosfeti ya Minjingu, yenye hiyo fosforasi, ni ya nchini kwetu. Wapo mpaka raizobia wa maharage wanaojulikana kwa kuvumilia asidi na joto, lakini kuwachagua hao lazima kwanza ujue udongo wako ukoje.

5. Zao lenyewe.

Sitaki kuonekana napinga maharage, nayapenda, ila tuambizane. Maharage ni zao la ubaridi, ndo mana tunayala yametoka Songea na Mbeya. Usiku wa joto unayafanya yadondoshe maua hata maji yakiwepo. Kama lazima yawe maharage basi yawe ya wanaokaa juu kwenye miinuko, au yapandwe mabondeni mvua zikielekea ukingoni, usiku unaanza kupoa na unyevu bado upo. Au tafuteni mbegu zinazovumilia joto, kituo cha utafiti wa kilimo CIAT cha kule Colombia walitangaza aina za namna hiyo mwaka 2015, nyingine zimechanganywa na jamaa wa maharage anayeitwa tepari anayetoka kwenye majangwa ya Mexico na Marekani. Vinginevyo kwanini fedha hiyo isiende kwenye kunde, choroko, mbaazi, karanga? Naliendele wametoa mbegu za karanga zina majina ya kwetu kabisa, Mangaka, Masasi, Nachingwea, Mnanje.

Nachingwea, ndio. Sisi watu wa huku somo hili tulishalipiwa ada na Mwingereza. Mwaka 1947 alikuja na matrekta kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, akajenga reli na bandari ya Mtwara kwa ajili hiyo, mwaka 1951 akafunga mahesabu na mamilioni ya pauni yamezama, mana alipanda kabla hajaujua udongo na mvua za mahali. Reli yenyewe iling'olewa. Naomba mradi wetu usiwe mdogo wake.

6. Deni.

Tulisaini kulipa mbegu na bakteria. Bakteria hai hatukupewa. Kwahiyo makato yasimame, na hili halina maelezo marefu.

Mheshimiwa, tunajua mtakavyojibu, kwahiyo tuokoe muda.

Mtasema hamna friji wala bajeti ya stoo ya ubaridi. Sawa, lakini hakuna aliyewaambia muagize miezi kabla ya mvua. Agizeni mzigo ufike karibu na kupanda, ukifika ugawiwe wiki hiyohiyo, na kwa siku za katikati chumba chenye dari na kivuli kinatosha, hata chungu ndani ya chungu na mchanga mbichi katikati kina mama wanahifadhia mboga. Chanjo za watoto zinafika mpaka zahanati za Liwale kwenye makontena ya ubaridi juu ya pikipiki, kwahiyo kubeba kitu kinachoogopa joto sio elimu ngeni serikalini.

Mtasema wakulima hawakufuata maelekezo, walichanganya na dawa ya fangasi. Mheshimiwa, mbegu zenu zilikuja zimeshapakwa dawa! Rangi ilikuwa inabaki mikononi. Dawa nyingi za fangasi zinazopakwa kwenye mbegu zinawaua hao bakteria au kuwapunguza sana, na mkatupa vyote viwili kwenye mfuko mmoja mkasema changanyeni. Sisi tulichanganya kivulini, kwa maji ya sukari ili yashike, tukapanda saa hiyohiyo tukafukia, kama tulivyoelekezwa.

Mtasema ukame umepiga mkoa mzima. Umepiga kweli, na kunde na mbaazi za mkoa huohuo zimevunwa, pungufu lakini zimevunwa.

Na kuna atakayesema ulikuwa mradi wa majaribio. Majaribio hayalipishwi anayejaribiwa. Tena jaribio la kweli lina kipande kilichowekwa bakteria na kipande kisichowekwa, pembeni kwa pembeni, ili tofauti ionekane, cha kwetu hakikuwa hivyo, kilikuwa ni gari, hotuba na picha za pamoja.

Tunaomba hivi. Kwanza makato yasitishwe kwa barua rasmi kwenda AMCOS, sio kwa simu. Pili zile pakiti zilizobaki stoo, kama bado zipo, zipelekwe zikapimwe zina bakteria hai kiasi gani, na majibu tuyaone hata kama yatatukataa. Tatu, kabla ya msimu ujao udongo wa kila kijiji cha mradi upimwe, angalau kiwango cha asidi na fosforasi, na anayehitaji chokaa aambiwe mapema. Mbegu na pakiti ziwe mikononi mwa mkulima kabla mvua hazijakolea, na aliyezipokea stoo asaini kwamba amesoma lebo, zao gani, tarehe gani, na zilikaa wapi. Mbegu za kuchanganywa na bakteria zije bila dawa ya fangasi. Kila kata iwe na kishamba darasa kidogo chenye mistari minne tu, maharage yenye bakteria, maharage matupu, maharage yenye yurea kidogo na kunde, na bwana shamba wa kata apewe mafuta ya pikipiki aje wiki ya nne au ya tano baada ya mbegu kuota, na jembe na wembe, achimbe mbele yetu. Kama vinundu havipo mkulima aambiwe siku hiyohiyo, akitaka kuokoa na yurea kidogo aokoe bado mapema, asisubiri mpaka afungwe na jua.

La mwisho ni dogo ila wazee wamelisisitiza. Utabiri wa msimu ukitoka muupitishe kwenye misikiti, makanisa na magrupu ya wasap ya vijiji, kwa lugha ya kawaida, mana tumekuwa tukiusikia mvua zikiwa zimeshakata.

Jibu tunaomba liwe la maandishi na libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata kabla mnada wa kwanza wa mbaazi haujafanyika. Ukiona vyema kuja mwenyewe karibu sana, njoo siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana, shamba liko njiani gari linafika, na yule mama mwenye kunde amesema mbegu alizotunza ziko tayari kuonyeshwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kikundi cha wakulima wa mikunde,
kwa niaba ya wanakikundi.

Nakala:
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu
Afisa Kilimo wa Wilaya (hii ni mara nyingine tena, ile ya kwanza iko kwenye faili lako)
Mwenyekiti wa AMCOS
Mbao za matangazo za vijiji vyote vya mradi